Geji ya upepo inaposhuka: je, ni geji au ni upepo? Mwongozo kwa madereva na mafundi wa malori na mabasi

Tulikuwa Ilula, alfajiri, tunatoka Mbeya na tani 28 za mahindi, mteremko wa Kitonga uko mbele yetu. Kwenye dashibodi geji ya upepo wa breki ina mishale miwili, kila mmoja na mzunguko wake wa breki: mmoja ulisimama kwenye 8, wa pili ulikuwa umelala kwenye 4. Alamu kimya. Utingo akaniambia, "Kaka, hiyo geji mbovu toka juzi, tushuke tu." Nilikaribia kumsikiliza. Badala yake nikaegesha, tukatafuta fundi mwenye geji ya mkononi, tukaifunga kwenye mtungi wa upepo wa breki za nyuma. Ikasoma bar 4.

Geji yetu ilikuwa inasema kweli tangu juzi. Aliyekufa alikuwa alamu, waya wake ulikatika siku nyingi bila sisi kujua, na mpira wa upepo wa nyuma ulikuwa umesuguliwa na chesisi mpaka ukatoboka. Tungeshuka Kitonga tukiwa na nusu ya breki.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi kwa kufungua dashibodi. Geji ikikuonyesha namba usiyoizoea, chukulia kwamba upepo umepungua kweli mpaka geji nyingine ithibitishe vinginevyo. Ukishathibitisha, kutafuta kosa kwenye geji yenyewe ni kazi ya saa moja au mbili, na mara nyingi haigharimu hata geji mpya.

Hatua ya 1: Egesha na uzuie matairi

Tafuta sehemu tambarare. Vuta handbreki, kisha weka vigingi au mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi, angalau mawili. Usiseme handbreki inatosha, kwa sababu vipimo vingine hapa chini vinataka uiachie, na vingine vinataka utoe upepo wote.

Kama gari lina maputo ya upepo badala ya springi za vyuma, kama mabasi mengi ya safari ndefu, mtu yeyote asiwe chini ya bodi upepo unapotolewa. Bodi hushuka. Haishuki kwa kishindo kila mara, lakini hushuka, na nafasi uliyokuwa umelala inakwisha. Weka stendi za chuma kwenye chesisi kabla hujaingia chini.

Na usifungue nati yoyote ya upepo ikiwa na mgandamizo ndani. Mpira unaochomoka ukiwa na bar 8 unachapa kama mjeledi na kurusha kutu na mafuta machoni. Toa upepo kwanza kwenye koki za chini ya mitungi, mpaka unyamaze kabisa.

Hatua ya 2: Fahamu geji yako inasema lugha gani

Hapa wengi hupotea. Malori yetu yametoka Ulaya, Japani, China na India, na kila mmoja amekuja na vipimo vyake. Bar 8 ni sawa na psi 116, sawa na kPa 800, sawa na MPa 0.8, na kwenye geji za zamani za Kijapani utaiona kama kilo 8.2 hivi kwa sentimita mraba. Nimeshaona dereva aliyehama kutoka lori la Kizungu kwenda la Kichina akishangaa kwa nini geji haivuki 0.8. Geji ilikuwa nzima.

Magari mengi ya Ulaya hufanya kazi kati ya bar 8 na 10, na baadhi ya mapya hupanda zaidi ya hapo. Malori ya Marekani hukata upepo (kompresa, yaani pampu ya upepo, huacha kujaza) karibu psi 120 hadi 130, na onyo la upepo mdogo hutakiwa kuwaka kabla ya kushuka chini ya psi 60. Mfumo huohuo uko kwenye zile nyumba za magurudumu za Wamarekani zenye injini ya dizeli nyuma. Tofauti ni kwamba mpira au waya wa geji husafiri urefu wote wa gari mpaka kwa dereva, kwa hiyo una mahali pengi pa kuharibikia. Mabasi yetu yenye injini nyuma yana shida hiyohiyo.

Andika mahali namba za gari lako likiwa zima: linakata kwa ngapi, linaanza kujaza tena kwa ngapi, alamu inalia kwa ngapi. Bila namba hizo huna cha kulinganisha.

Hatua ya 3: Jua kama geji ni ya mpira au ya waya

Jaza upepo, zima injini, kisha toa ufunguo kabisa. Mishale ikibaki palepale, geji yako ni ya mpira: upepo wenyewe unapanda kwa kimpira chembamba mpaka nyuma ya dashibodi, unaingia kwenye kibomba cha shaba kilichopinda, kibomba kinajaribu kunyooka na kusukuma mshale. Ni ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849, na bado unafanya kazi.

Mishale ikianguka sifuri mara tu unapotoa ufunguo, geji ni ya waya. Upepo unaishia kwenye sensa iliyofungwa kwenye mtungi au kwenye bloku ya valvu, na kinachofika kwa dereva ni umeme tu. Kwenye magari mapya umeme huo hupita kwanza kwenye kompyuta.

Jambo hili moja linakuokolea nusu ya kazi. Nimekuta fundi amebadilisha fyuzi na kufuata nyaya asubuhi nzima kwenye gari ambalo geji yake haina waya wowote isipokuwa wa taa.

Hatua ya 4: Sikiliza mashahidi wengine ndani ya gari

Kabla ya kutafuta geji ya fundi, gari lenyewe lina mambo ya kukuambia.

La kwanza ni draya, kifaa kinachokausha upepo kabla haujaingia mitungini. Washa injini, iache ijaze. Upepo ukifika kiwango cha kukata, utasikia ule mpumuo mkali, "pshaa", kutoka kwenye draya. Ukiusikia wakati geji inasoma bar 5, ama geji inadanganya ama gavana ya upepo (valvu inayosimamisha ujazaji) inakata mapema. Draya ni shahidi mzuri, ila usimfanye hakimu: upepo unaweza kufika kwake na bado usifike kwenye mtungi mmoja kwa sababu ya valvu iliyoziba katikati.

La pili ni alamu. Ufunguo ukiwa wazi na injini imezimwa, kanyaga na kuachia breki mara nyingi. Mishale ishuke kwa hatua, kidogo kidogo kila mkanyago. Karibu na bar 5 au psi 60, kutegemea gari, alamu ilie na taa iwake. Kwenye magari mengi ya zamani swichi ya alamu ni kifaa tofauti na geji, kwa hiyo vikikubaliana una mashahidi wawili wasiojuana. Kwenye magari ya kompyuta, geji na alamu mara nyingi husoma sensa moja, hivyo makubaliano yao hayana uzito. Na alamu isipolia kabisa, usiseme upepo upo. Pima alamu yenyewe. Hilo ndilo lililotaka kutuua Kitonga.

La tatu ni tabia ya mshale. Huu ndio ushahidi ninaoupenda, kwa sababu unakuelekeza moja kwa moja penye kosa:

- Mshale mmoja unashuka polepole gari likiwa limezimwa, mwingine umetulia: mara nyingi ni uvujaji wa kweli kwenye mzunguko huo. Tafuta upepo, si geji.
- Mishale yote inachelewa kupanda kwa mwendo uleule: kompresa, draya iliyoziba, au uvujaji mkubwa.
- Mshale unaruka-ruka barabara ya vumbi na kutulia kwenye lami: waya au konekta iliyolegea.
- Mshale unasogea ukiwasha taa au indiketa: ethi mbaya (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi).
- Mshale umeganda, ukigonga kioo kwa kidole unaruka: meno ya ndani ya geji yamechakaa au yamejaa uchafu.
- Mshale unapanda kwa kuchelewa na kushuka kwa kuchelewa, kama mtu aliyechoka: kimpira cha geji kimejaa mafuta na maji.

Hatua ya 5: Funga geji ya fundi

Sasa ndiyo hukumu. Magari mengi ya Ulaya yana tundu la kupimia lenye kofia, kwenye mitungi au kwenye bloku ya valvu, thredi yake M16 kwa 1.5. Mpira wa kupimia wenye kichwa hicho unafungwa kwa mkono hata upepo ukiwa ndani, kwa sababu tundu lina valvu yake. Kama gari lako halina, toa upepo, fungua koki ya maji chini ya mtungi, ufunge geji hapo kwa adapta.

Tumia geji ya hadi bar 16, ikiwezekana iliyojazwa glisirini ili mshale usitetemeke. Na uwe na uhakika nayo: ilinganishe na nyingine dukani siku unayoinunua, usiitupe kwenye boksi la spana ikagongana na nyundo.

Jaza upepo, kisha shusha kwa kukanyaga breki, ukisimama kwenye bar 8, 6 na 4. Kila kituo andika geji ya fundi inasema nini na ya dashibodi inasema nini. Pima mizunguko yote miwili, si ule unaoshukiwa tu.

Zikikubaliana, acha geji. Una tatizo la upepo, nenda ukasikilize uvujaji. Injini imezimwa, matairi yamezuiwa, achia handbreki, subiri mishale itulie, kisha hesabu dakika moja. Kwa kipimo cha mtihani wa leseni za magari makubwa Marekani, gari lisilo na tela halitakiwi kupoteza zaidi ya psi 2 kwa dakika, na psi 3 ukiwa umekanyaga breki. Lenye tela ni psi 3 na 4. Psi 3 ni bar 0.2 tu. Ukiona zaidi ya hapo, chukua povu la sabuni na uanze kwenye maungio.

Zikitofautiana kwa kiasi kilekile kila kituo, au tofauti ikikua kadiri upepo unavyopanda, geji au sensa ndiyo mbovu. Binafsi tofauti ya bar 0.3 naivumilia. Ikifika nusu bar siivumilii, hasa kama geji inasoma juu kuliko ukweli. Geji inayosoma chini inakuchelewesha. Inayosoma juu inakupeleka mtoni.

Hatua ya 6: Kama geji ni ya mpira

Toa upepo wote. Fungua kimpira nyuma ya geji na upande wa pili kinakoanzia. Puliza upepo mdogo kutoka upande wa dashibodi kuelekea chini, huku mwenzako ameshika kitambaa kwenye mwisho wa chini. Ukiona uji wa rangi ya maziwa na kahawia, ni mchanganyiko wa maji na mafuta ya kompresa. Safisha mpaka kitoke kikavu.

Uji huo usiuchukulie kama uchafu wa geji peke yake. Una maana kwamba draya imeshindwa kazi au kompresa inapitisha mafuta, na kilichofika kwenye geji kimeshafika kwenye valvu za breki. Badilisha kichujio cha draya na uangalie kompresa. Vinginevyo utarudi hapa baada ya miezi michache.

Fuata kimpira kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Tafuta mahali kilipokunjwa, kilipobanwa na klipu, kilipoungua karibu na injini. Kwenye mabasi pita chini ya sakafu yote. Kipande kibovu kikate kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, kwa sababu mkato wa mshazari huvuja kwenye maungio ya kusukumia. Tumia mpira wa nailoni wa breki za upepo wa kipenyo kilekile. Mpira wa dizeli na ule wa maji havifai hata kwa siku moja.

Kuna dawa ya barabarani ambayo naomba iachwe. Geji ikivuja nyuma ya dashibodi na kupiga kelele, watu hukunja kimpira na kukifunga kwa waya. Kelele inaisha, uvujaji unaisha, na dereva anabaki bila jicho kwenye mzunguko mmoja wa breki. Kama huna budi kukiziba ili ufike gereji iliyo karibu, kizibe kwa plagi halali mwanzoni mwake, funga geji ya mkononi kwenye mtungi, hakikisha alamu inafanya kazi, na usishuke mlima wowote katikati.

Kama kimpira ni safi na kizima lakini geji bado haikubaliani na ya fundi, badilisha geji. Usiifungue kurekebisha mshale kwa koleo. Kibomba kilichochoka hakirudi ujana.

Hatua ya 7: Kama geji ni ya waya

Anza na ya bure. Fyuzi ni nzima? Nyuma ya geji kuna volti 24 ufunguo ukiwa wazi? Ethi iko safi? Pima ethi kwa mita: mguu mmoja kwenye ethi ya geji, mwingine kwenye hasi ya betri, taa zote zimewashwa. Ukiona zaidi ya nusu volti, safisha ethi kwanza kabla ya kununua chochote.

Kisha nenda kwenye sensa. Yenye waya mmoja au miwili mara nyingi ni ya aina ya ukinzani. Zile za mtindo wa Ulaya husoma karibu oms 10 (oms ni kipimo cha ukinzani) kwenye sifuri na kupanda mpaka karibu 180 kwenye mwisho wa kipimo. Za Kimarekani mara nyingi huenda kinyume: 240 kwenye sifuri, zikishuka mpaka 33. Chomoa waya, pima sensa kwa mita huku mwenzako akipandisha upepo. Namba itembee taratibu bila kuruka. Ikiruka au ikiganda, sensa imekwisha.

Sensa ikiwa nzima, jaribu geji. Waya ukiwa umechomolewa, mshale uende mwisho mmoja. Ukigusisha waya kwenye bodi kwa sekunde moja, uende mwisho wa pili. Mshale ukifanya hivyo, geji na waya ni wazima. Mshale usipofanya hivyo, rudia jaribio hilo nyuma ya geji yenyewe. Mshale ukisogea hapo lakini si kule, waya umekatika katikati.

Jaribio hilo usilifanye kwenye sensa yenye nyaya tatu. Hiyo hupewa volti 5 na hurudisha kama nusu volti kwenye sifuri, ikipanda mpaka karibu 4.5. Kugusisha waya wake kwenye bodi kunaweza kuua kompyuta ya bei kubwa. Hapo pima volti tu, au mpe fundi mwenye mashine ya kusoma kodi za makosa kwenye kompyuta ya gari.

Kosa moja dogo limenisumbua zaidi ya yote. Sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia thredi zake. Fundi akiizungushia tepu nyeupe nyingi ili isivuje, anaikata ethi, na geji mpya inaanza kusoma vibaya siku ileile ilipofungwa. Tumia gasketi au gundi ya thredi kidogo, na upime kwa mita kati ya mwili wa sensa na hasi ya betri kabla ya kuondoka.

Hatua ya 8: Kununua mpya

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, iwe ni Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi. Linganisha thredi, kipimo cha mwisho cha upepo, volti, na kwa geji ya waya, oms. Geji nzuri iliyounganishwa na sensa ya oms za aina nyingine itasoma vibaya maisha yake yote, na kila fundi atakayekuja ataitupia lawama kompresa. Kwa sensa na geji ni bora kununua vyote viwili vya mtengenezaji mmoja. Za mtumba nazikubali kwa geji ya mpira nikishaipima pale dukani kwa upepo. Kwa sensa sizikubali.

Hatua ya 9: Kabla ya kurudi barabarani

Jaza upepo mpaka draya ipumue. Paka povu kwenye kila ungio ulilogusa. Linganisha tena na geji ya fundi kwenye 8, 6 na 4, mizunguko yote miwili. Kanyaga breki mpaka alamu ilie, na uandike ililia kwenye ngapi. Jaza tena, ondoa mawe, kisha jaribu breki mara tatu kwa mwendo wa mguu uwanjani, ukiangalia mishale inashuka na kurudi.

Mwisho, chukua peni ya rangi na uweke alama ndogo pembeni mwa kioo cha geji mahali alamu inapolia. Utingo wako, au dereva atakayekupokea gari usiku, ataiona bila kuuliza.